Ombi la Kufukua Mashimo Kumi na Manne Yaliyojazwa Upande Mmoja

Nyamai Mutisya,
Karani wa Stoo,
Shauri Moyo, Nairobi.
Jumatatu, 6 Agosti 1979

Kwa Bwana Gedi Awale,
Mwenyekiti, Kamati ya Wakaazi wa Barabara ya Nyuma,
Buchani kwake, Soko la Burma.

Bwana Mwenyekiti,

KUH: MASHIMO YETU

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba wewe, mama Khadro na vijana wako wa buchani mko wazima. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na nitakueleza kwa utaratibu, kwa kuwa mimi ni karani na sijui kukasirika bila kupanga.

Utakumbuka kwamba mwaka wa 1974 bosi wangu Mzungu, alipofunga virago kurudi kwao, aliniuzia gari lake la spoti la mwaka wa 1961. Ni la kijani, lina viti viwili na paa la turubai, na chini yake pana nafasi ya kupita kuku aliyeinama. Watu wa mtaa walicheka sana. Walisema mtu mwenye watoto watano hanunui gari la watu wawili, nami nikawajibu kwamba watoto wana miguu. Lakini leo silalamikii gari. Nalalamikia barabara, na hasa wema ambao kamati yako imeifanyia.

Mama mkwe wangu, Wayua, anaishi kwa shemeji yangu Nzuki, ile nyumba ya mwisho karibu na kibanda cha mkaa. Nzuki ni dereva wa lori la masafa marefu, na tukimwona Nairobi siku mbili kwa mwezi tunashukuru. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mchana anaona kama mtu aliyefunikwa shuka. Basi amelikataa tangu siku lilipompitisha kituo akashushwa mahali asipopajua, akasimama hapo saa tatu akiwauliza wapita njia yeye yuko wapi. Kwa hiyo tangu Januari ninayempeleka kliniki ya macho ni mimi, mara mbili kwa mwezi, kwa gari langu.

Wewe ni Msomali na kwenu huenda mambo ni mengine, hivyo niruhusu nieleze. Kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Tunaiita nthoni. Simtazami usoni, sili mbele yake, na tukikutana njiani mmoja wetu huingia kichakani ampishe mwenzake. Hapa Shauri Moyo, kwa kukosa kichaka, mimi huingia nyuma ya vyoo vya mtaa. Kumgusa ndiyo usiseme kabisa.

Sasa pima mwenyewe. Kati ya kiti changu na chake pana shubiri moja na kidole. Mjomba wa mke wangu, Mzee Kitonga, alilifikiria jambo hilo wiki mbili nzima, kisha akatoa ruhusa: nimpeleke, kwa kuwa macho ni macho, ila yeye aelekee dirishani, mimi nielekee mbele, kikapu chake cha kiondo kikae katikati, na tusigusane. Mke wangu Nthambi alijitolea kukaa kati yetu, lakini pale kati pana gia.

Springi za gari zilikuwa zimechoka kama mimi. Safari ya kwanza, shimo la kwanza, mama alikuja begani mwangu, akabaki hapo mpaka shimo likaisha. Jioni nilijipeleka mwenyewe kwa Mzee Kitonga nikakiri. Akaniamuru nitoe mbuzi. Ni yule mbuzi mweusi niliyemnunua kwako, utamkumbuka kwa kelele. Mzee akaongeza kwamba mguso wa pili utakuwa mbuzi wa pili. Bwana Mwenyekiti, barabara yetu ilikuwa na mashimo kumi na manne, na mtu akienda kliniki hurudi. Miguso iliyofuata sikuikiri, na hilo lilininyima raha miezi mitano.

Hapo ndipo yanapoanzia malalamiko yangu, nami nayapanga kwa nambari.

1. KAZI NILIYOIFANYA

Mwishoni mwa Juni nililipeleka gari kwa fundi Odero, pale chini ya mti usio na majani nyuma ya Gikomba. Nilimwambia nataka gari lisiyumbe. Odero alilizunguka akalibonyeza kila pembe kama anayepima godoro, halafu akasema, "Mzee, hii gari ni ya kukata kona, si ya kubeba mathe. Ukitaka itulie tutaifunga ngumu. Lakini kiuno ni chako." Nikamjibu kwamba kiuno changu nimekitoa.

Mbele tuliweka springi za pikapu, Odero akazikata pindo moja na nusu ili gari lisiinue pua. Nyuma tukaongeza chuma kimoja bapa juu ya vile vitano vya zamani. Shokabsoba zote nne zikawa mpya, zile za kukazwa kwa spana mpaka upendavyo, nasi tukakaza mpaka spana ikakataa. Bushi zilizoliwa tulizibadilisha kwa mpira wa tairi la lori, uliokatwa na mshona viatu vya akala mmoja wa Kariokor, mtu wa mkono mtulivu ambaye mpaka leo tukikutana huniuliza kama vile viatu vya gari vinabana. Mwisho Odero akafunga fimbo ya chuma toka gurudumu la mbele la kulia hadi la kushoto, ya kulizuia gari lisilale upande.

Ikabaki kujaribu. Kumuuliza mama mkwe uzito wake haiwezekani, hata kwa kupitia mtu wa tatu. Nilikadiria kwa macho, tena kwa macho yaliyoangalia pembeni, nikanunua gunia la maharagwe la kadiri hiyo. Nikalivika leso ili lisiteleze kuliko binadamu, nikaliketisha kiti cha kushoto, nikaenda nalo kibanda cha mkaa hadi Burma na kurudi, jioni kumi na moja mfululizo. Najua mtaani kulisemwa kwamba Nyamai ana mwanamke mnene asiyeitikia salamu. Mke wangu aliulizwa sokoni. Nilivumilia hayo yote, kwa sababu kila jioni Odero alikaza hapa akalegeza pale, na jioni ya kumi na moja gunia lilipita mashimo yote kumi na manne bila kuniegemea hata mara moja. Nilishuka nikamshika Odero mkono. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga.

Nisisitize hapa jambo ambalo kamati haikulijua. Kazi hiyo ilifanywa kwa mashimo yale. Nilikuwa nayajua yote kwa kina na upana. La tatu huingiwa polepole, la sita huingiwa kwa magurudumu mawili ya mbele kwa pamoja, la tisa, lililo mbele ya nyumba yangu, hupitwa kwa kubana pumzi. Springi zangu na mashimo yenu vilikuwa vimeelewana.

2. MLICHOKIFANYA

Jumamosi tarehe 21 Julai mliita harambee. Naambiwa watu walijitokeza kwa jembe na karai, matofali yakatoka kwenye ule ukuta ulioanguka, na mama Khadro akapika chai. Mimi sikuwepo kwa kuwa nilikuwa chini ya gari nikitia grisi. Ila naambiwa pia kwamba wakaazi wa upande wa kushoto, ukielekea Burma, ndio waliojitokeza, na wa upande wa kulia, ambako mimi naishi, hawakufika. Ndipo kamati ikaamua kila upande ujaze sehemu yake. Mkavuta kamba katikati ya barabara, toka mwanzo hadi mwisho. Kushoto mkajaza, mkashindilia, mkamwaga na changarawe juu. Kulia mkaacha kama kulivyokuwa.

Shimo moja likawa nusu shimo na nusu kigongo. Sijawahi kuona haki ikipimwa kwa kamba namna hiyo, na nakupongeza kwa usawa wa kamba.

Lakini barabara yetu ni nyembamba, Bwana Mwenyekiti. Gari moja huijaza. Huwezi kuendesha nusu ya gari upande wa waliochanga, na nusu nyingine ukaiacha nyumbani.

3. YALIYOTOKEA

Jumamosi tarehe 28 nilimpakia mama kwa mara ya kwanza tangu gari lifungwe upya. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Tulipofika shimo la kwanza, magurudumu ya kushoto yalipanda juu ya matofali yenu na ya kulia yakashuka shimoni. Fimbo ya Odero haikuwa na la kufanya. Fimbo huzuia gari lisilale, lakini hapa iliyolala ilikuwa barabara yenyewe. Mama aliacha kiti chake akaja kwangu mzima, na kiondo, na mkongojo, mpaka pembe ya kitambaa chake cha kichwani ikaingia kinywani mwangu. Mara kumi na nne. Mama wa mashimo ya zamani alikuwa akinigusa bega. Huyu wa kamati yako alinifika sikioni.

3 (b). Kurudi ni kubaya zaidi, naona aibu kuandika. Ukirudi kutoka Burma, upande uliojazwa unakuwa kulia kwako. Kwa hiyo sasa niliyeteleza ni mimi. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mzee wa kanisa, nilimwangukia mama mkwe wangu mara kumi na nne, nikakiponda kiondo chake. Sheria ya mbuzi haikuwahi kutungwa kwa hali kama hiyo. Nilimwendea Mzee Kitonga kumweleza, akavua kofia, akaivaa tena, akasema nirudi akimaliza kufikiri. Mpaka leo hajamaliza.

4. MADHARA

Mama alishuka langoni akishika kiuno. Jumapili alimtuma Nthambi aniambie maneno manne: "Hilo gari sipandi tena."

Ijumaa hii, tarehe 10, saa mbili asubuhi, anatakiwa kliniki kufanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto. Tumeingoja siku hiyo tangu Februari. Daktari alisema akiikosa, nafasi nyingine ni baada ya miezi mitano, na jicho lile halina miezi mitano. Nzuki yuko njiani na lori. Basi amekataa. Gari langu amelikataa. Nami siwezi kwenda kumbembeleza, kwa kuwa siruhusiwi kusimama mbele yake. Kila jioni namtuma mke wangu, na kila jioni anarudi na jibu lile lile. Nikilala nalihesabu lile jicho kama mtu anayehesabu siku za likizo ya mwisho. Huyu mama alinipa binti yake nikiwa sina hata kabati. Akipofuka, atapofuka kwa heshima aliyoniwekea mimi, na sijui nitamtazamaje mke wangu.

5. SHAKA LANGU DOGO

Sisemi kwamba mwenyekiti ambaye ni mwuza mbuzi ana faida yoyote katika barabara inayowaangusha wakwe. Nasema tu kwamba katika mtaa wetu Wakamba ni wengi, na kamba mlivuta nyinyi. Ukilisoma lalamiko hili ukaona nimekukosea, lipite uende chini.

Kutokana na hayo naiomba kamati yako ifanye yafuatayo, kabla ya Ijumaa:

(a) Ifukue mashimo yote kumi na manne ya upande wa kushoto na kuyarudisha katika hali yake ya awali. Naambatisha mchoro wa kila shimo, urefu, upana na kina. Vipimo ni vya inchi, mnisamehe, rula yangu ni ya zamani.

(b) Shimo la sita lifukuliwe na mtu mwangalifu. Lilikuwa na ukingo wa mviringo ambao sijauona kwingine Nairobi.

(c) Kazi ikiisha nipewe jioni moja ya kuyapitia na gunia, nihakikishe.

(d) Matofali yarudishwe kwa wenyewe, na chai iliyonywewa siku ile isihesabiwe.

(e) Siku zijazo mtu asijaze shimo la umma bila kuwapa notisi ya siku thelathini wale waliokwisha kulizoea. Barabara mbovu pande zote ni shida tunayogawana. Mkitengeneza nusu, mnawatupa watu wa nusu moja juu ya wa nusu nyingine, kama nilivyoona kwa mwili wangu. Kama kujaza pande zote hakuwezekani, basi tuachiwe mashimo yetu, tuliyokuwa nayo sawasawa, tajiri na maskini.

Nafahamu kwamba watoto wa shule wa upande wa kushoto sasa wanapita bila kulowa, na kwamba yule jirani mwenye mguu mmoja amekusifu kanisani. Kwa niaba yao naomba radhi. Wao wana macho.

Nikitarajia jembe lako, nabaki mimi jirani yako wa upande usiochanga,

Nyamai Mutisya

Nisalimie mama Khadro, na vijana wa buchani, na yule wa mizani ambaye huweka kidole. Salamu pia kwa wajumbe wote wa kamati, waliofika na wasiofika, na kwa aliyeshika ncha ya kamba.

Nakala: Fundi Odero, Gikomba, Mzee Kitonga, Faili.

Tanbihi. Jumatatu, 13 Agosti. Haya naandika kwa mkono. Barua nilimpa Naftaly wa ofisini anipigie taipu, naye hupiga kwa kidole kimoja na wakati wa chakula cha mchana tu, hivyo ilinifikia Ijumaa jioni, kazi ya Ijumaa ikiwa imekwisha. Kwa kuwa imepigwa nakala tatu sioni busara ya kuitupa. Naituma, ila tafadhali usiitii.

Ijumaa asubuhi nililisugua gari, nikasimamisha ubao kati ya viti viwili, nikaenda kibanda cha mkaa kujaribu bahati yangu. Nilipofika shimo la tisa, mbele ya nyumba yangu mwenyewe, tumbo la gari lilikaa juu ya matofali yenu na magurudumu mawili yakaning'inia. Zile pindo tulizokata, Bwana Mwenyekiti, ndizo zilizokosekana hapo. Nikiwa nimekwama niliona mkokoteni ukija. Aliyevuta ni Nabiswa, yule anayebeba mizigo Gikomba. Juu yake palikuwa na marobota mawili ya sweta za mitumba, na juu ya sweta alikaa mama mkwe wangu kwa raha zake, mke wangu akitembea kando amemshika mkono. Magurudumu yote mawili yalipita upande uliojazwa. Mkokoteni hauna springi hata moja, na mama hakutikisika. Nilijifunika uso kwa usukani kama inavyotakiwa. Nabiswa akasema tu, "Mzee, ngoja nimfikishe mama kwanza, nikirudi nakutoa." Akamfikisha mpaka mlangoni pa kliniki, saa mbili kasorobo, kisha akarudi na wenzake wawili wakaninyanyua.

Jana bandeji ilifunguliwa. Anaona. Nthambi alimsomea barua hii yote, na mama akacheka hadi muuguzi akamkanya kwa ajili ya jicho. Mimi nilikuwa nje ya pazia, mahali pangu. Akamtuma binti yake aniambie, ingawa nilikuwa nasikia kila kitu.

Kwamba gari alilikataa kwa sababu ya kiuno. Hivyo vyuma nilivyoviweka vilimpiga mgongo kama anayetwanga. Mambo ya kugusana hakuyataja popote, niliyeyapeleka kwa Mzee Kitonga ni mimi, na yule mbuzi hata mguu hakuonja. Na kwamba zamani, na zile springi zilizochoka, si mashimo yaliyokuwa yakimtupa. Alikuwa akiniegemea mwenyewe. Alisema mtu asiyeona barabara hajui kama gari lina dereva, na kila lilipoyumba alitafuta bega ajue kwamba bado nipo.

Kwa hiyo yaache matofali yalipo. Jumamosi ijayo nitakuja na jembe langu, na Odero, tujaze upande wa kulia. Gunia la maharagwe nitamletea mama Khadro awapikie watakaofika.

Gari liko kwa Odero. Anarudisha springi za zamani. Nimemwambia pia akisogeze kile kiti cha kushoto karibu nami, upana wa vidole viwili.